Bi Waridi na Kanga Iliyokaribisha Mvua

Kabla hujamcheka Bi Waridi, kumbuka kwamba mvua ile tuliiomba sote. Mwaka tisini na saba mji huu ulikauka hadi mabomba yakawa yanatoa upepo. Kariakoo maji yaliuzwa kwa mkokoteni, dumu kwa dumu, na mwenye mkokoteni wa maji alisalimiwa kwa heshima zaidi kuliko mwalimu. Umeme nao ulikuja kwa zamu, maana bwawa linaloutoa lilibaki tope. Misikitini waliomba, makanisani waliomba, na Wahindi wa Kisutu waliomba kwenye mahekalu yao. Bi Waridi aliomba kwa njia aliyoijua yeye. Aliandika jina la kanga.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Watu hudhani maneno ya kwenye pindo la kanga huota yenyewe kama ukungu, kumbe kuna mtu hukaa akayatafuta. Waridi binti Abbasi alizaliwa Mtaa wa Narung'ombe, katika nyumba ya vyumba sita aliyoiacha babu yake, na akiwa bado msichana aliajiriwa kwenye kiwanda kimoja cha nguo cha umma, idara ya michoro. Alikaa pale miaka kumi na tisa akitunga majina ya kanga. Aliolewa akiwa kazini, akaachika akiwa kazini, na yote mawili aliyatungia kanga. Kisha likaja soko huria. Meli zikaanza kuleta kanga kutoka India, nyepesi, za rangi kali, bei chee. Kiwanda kilihema miaka miwili kikakata roho. Wafanyakazi walipewa vyeti vya shukrani na hotuba ndefu kuhusu faida za ushindani.

Wengine walirudi vijijini kwao. Bi Waridi alikwenda moja kwa moja Mtaa wa Uhuru, upande unaotazama Mnazi Mmoja, kwenye duka la Arvind, mmoja wa wale waliokuwa wakileta kanga hizo za India. Mimi nilikuwa nauza nyuzi na vifungo mlango wa tatu, kwa hiyo niliyasikia kwa masikio yangu.

"Kanga zako zimekiua kiwanda chetu," alimwambia Arvind. "Basi sasa zinilishe."

Arvind alikuwa mtu mpole wa miaka arobaini na kitu, mwenye miwani iliyokuwa ikimteleza puani kila akipatwa na wasiwasi. Iliteleza. Aliyejibu ni mama yake, Champaben, kutoka kwenye kiti chake karibu na droo.

"Mpe nafasi akae," alisema yule bibi. "Maneno ya kanga zako, mwanangu, hata mimi naona aibu kuyauza."

Champaben alizaliwa Kilwa, na Kiswahili chake kilikuwa cha pwani kuliko changu mimi niliyezaliwa Ilala. Tangu siku ile hakuna jina la kanga lililotoka dukani mle bila Bi Waridi kulitunga na Champaben kulionja. Likishakubaliwa, lilitumwa India kwa faksi, likachapwa na watu wasiojua neno moja la Kiswahili, likapakiwa melini, na kurudi baada ya miezi minne. Mara nyingine lilirudi limebadilika njiani. Mwaka mmoja walituma "Nimevumilia sana," ikarudi "Nimevimbiwa sana." Arvind alitaka kulia. Kanga ile iliisha siku tano kabla ya Idi.

Sasa, mwezi wa sita wa mwaka ule wa ukame, Arvind alimwita Bi Waridi.

"Nataka kitu cha vuli," alisema. "Mvua zikianza, kanga iwe dukani. Watu watakuwa na furaha, na mwenye furaha hununua."

Hesabu yake ilikuwa ya mtu mwenye akili. Vuli huanza mwezi wa kumi, meli huchukua miezi minne, na kutoka mwezi wa sita hadi wa kumi ni miezi minne. Kosa pekee lilikuwa kuamini kwamba mawingu nayo yanaijua hesabu hiyo.

Siku ya tatu Bi Waridi alirudi na karatasi. Alisoma akiwa amesimama, kama kawaida yake:

"Ewe mvua njoo ndani, mlango hatukufunga."

Mizani nane kwa nane, hakuna pengo. Arvind aliipenda papo hapo. Champaben aliinamisha kichwa.

"Kwa nini ndani?" aliuliza. "Mahali pa mvua ni nje."

"Mama Arvind, mgeni unayemtaka humwachi barazani."

"Kuna wageni wakiingia hawatoki."

"Hii ni mvua, mama, si shemeji."

Walicheka wote watatu. Mchoraji akaweka mtungi katikati ya kanga, matone ya samawati yakauzunguka kama wageni harusini, na faksi ikaenda.

Vuli ilikuja mwezi wa kumi kama ilivyotarajiwa, na kwa wiki mbili tuliishangilia. Watoto walioga barabarani. Wauza maji walishusha madumu mikokotenini wakarudi kuuza machungwa. Kisha mvua ikasahau kuondoka. Mwezi wa kumi na moja ulipita nayo, wa kumi na mbili ukaikuta bado ipo, na tulipoingia Januari, mwezi ambao mama zetu walikuwa wakianika magodoro juani, magodoro yetu yalikuwa yakielea. Mifereji ya Kariakoo, ambayo kwa miaka tuliilisha maganda na mifuko ya nailoni, iliamua kuturudishia kila kitu kwa siku moja. Mbele ya duka langu yalipita malapa yasiyo na wenyewe, kreti la soda, na sanamu ya dukani ya mwanamke iliyolala chali ikitazama mbingu kwa utulivu ambao sisi hatukuwa nao.

Redioni walitufundisha neno jipya, Elinino. Walisema bahari moja ya mbali sana, Pasifiki, imepata joto.

"Bahari ipate joto huko," alisema Bi Waridi akiwa amepandisha gauni hadi magotini, "choo changu kifurike Narung'ombe? Huu ni ujirani gani?"

Meli ya Arvind ilikuwa imekwama bandari fulani njiani, kwa hiyo marobota yalifika wiki moja kabla ya Krismasi. Yaliletwa na Bakili, kuli wa dukani hapo, mtu mzima mwenye shingo kama gogo, aliyeyabeba moja moja kichwani huku maji ya Mtaa wa Uhuru yakimfika mapajani. Alilitua la kwanza juu ya kaunta, maana chini hapakuwa na pakavu, akakata kamba. Arvind alivuta kanga ya juu akaikunjua.

Ilikuwa imechapwa vizuri ajabu. Safari hii wale mafundi wa India hawakukosea hata herufi. Ewe mvua njoo ndani, mlango hatukufunga. Maji yalikuwa yanapita chini ya kaunta, yakiingia kwa mlango wa mbele na kutokea wa nyuma bila hodi.

Bakili, ambaye kusoma alijifunza ukubwani na hivyo kila alichokiona alikisoma kwa sauti, aliyasoma nayo kwa sauti.

Halafu Champaben, aliyekuwa amekaa amepandisha miguu juu ya kigoda, alianza kucheka, akacheka hadi akashikwa na kikohozi, Arvind akamletea maji. Hayo nayo aliyatazama kwanza kabla ya kuyanywa.

Kanga ile haikununulika. Wanawake walikuja kuitazama tu, kama watu wanaokwenda kuona ajali. Walioingiliwa na maji hawakutaka kuisikia, na ambao hawajaingiliwa waliogopa kuijaribu. Bi Waridi akipita mtaani aliitwa: "Bi Waridi! Mlango umeshaufunga, au bado?" Alicheka nao mwanzoni. Siku jirani yake mmoja alipomwambia, bila kucheka, kwamba mdomo huumba na yeye angefaa auchunge wa kwake, aliacha kucheka. Jioni ile alinijia dukani akakaa juu ya sanduku la vifungo.

"Mwenzangu," aliniuliza, "wewe unaamini nimeiita mimi?"

"Ungekuwa na uwezo huo," nilimwambia, "mumeo angerudi siku nyingi."

Alicheka kidogo. Lakini nilimwona jambo limemkaa moyoni.

Wakati huo bonde la Msimbazi lilikuwa limejaa, na watu wa Jangwani waliohamishwa na maji walilazwa kwenye madarasa ya shule moja ya msingi upande wa Magomeni. Michango ilikusanywa kila mahali. Jumuiya ya kina Arvind ilitoa unga, maharage na mablanketi. Arvind, ambaye ni mtu wa huruma kweli, na ambaye pia alikuwa na marobota mawili yasiyonunulika yakianza kunuka uvundo, alitoa kanga.

"Nguo ni nguo," alimwambia mama yake. "Mtu aliyelowa hasomi."

Hapo alikosea. Mtu aliyelowa anasoma vizuri tu, na mpiga picha wa gazeti anasoma zaidi.

Picha ilitoka Jumatano, ukurasa wa kwanza. Mgeni rasmi, mwenye suti na mabuti ya mpira, anamkabidhi mama mmoja gunia la unga. Nyuma yake wamesimama wanawake kama arobaini, safu tatu, wote wamejitanda kanga mpya za sare, na juu kidogo ya kichwa cha mgeni rasmi, kama taji, unasomeka mstari mmoja: EWE MVUA NJOO NDANI. Chini ya picha waliandika, "Waathirika wa mafuriko wakitoa shukrani."

Kariakoo ilicheka siku nzima. Gazeti liliisha saa nne asubuhi. Watu walikuwa na maji vyumbani, wamepoteza mizigo, wengine wamepoteza ndugu, na bado walicheka, au pengine ndiyo sababu walicheka. Bi Waridi alilinunua gazeti lake akalikunja mara nne, akaliweka kwapani, hakulifungua tena.

Alhamisi akaja afisa mmoja. Hakusema ametoka ofisi gani, na sisi si watu wa kuuliza. Mfumo wa vyama vingi ulikuwa bado mchanga, na kila aliyekohoa alidhaniwa anatoa tamko. Alimkuta Bi Waridi kwa Arvind.

"Nani amekutuma uidhihaki serikali?"

"Baba, mimi niliandika mwezi wa sita. Mwezi wa sita wote tulikuwa tunaomba mvua, na serikali pia."

"Mwezi wa sita? Kwa hiyo ulikuwa unajua itanyesha hivi?"

"Ningejua," alisema Bi Waridi, "ningemwambia Arvind alete mabuti."

Yule afisa aliandika hilo pia. Aliandika kila kitu, akaomba kanga moja kwa ajili ya ushahidi, kisha akaomba ya pili, kwa sababu kanga huuzwa kwa doti.

Ijumaa Bi Waridi alichukua mkasi wake wa kazi, ule mrefu wa idara ya michoro, kitu pekee alichotoka nacho kiwandani mbali na kile cheti, akaniambia nifunge duka nimsindikize. Hakueleza. Tulivuka maji, tukapanda lori la mchanga lililokuwa likivusha watu, tukafika shuleni mchana. Madarasa yalikuwa yamejaa magodoro. Ubaoni bado palikuwa na hesabu za kugawanya ambazo hakuna aliyezifuta.

Bi Waridi alisimama mlangoni pa darasa la kwanza. "Asalaam aleikum, habari za humu," alisema. "Mimi ndiye niliyeandika maneno ya hizo kanga. Sikuwa na nia mbaya. Nimekuja na mkasi, niyakate, niwakunjie pindo vizuri, ibaki nguo tu."

Mwanamke mmoja mrefu, aliyekuwa akichambua maharage kwenye sinia, aliinua uso. Jina lake Theopista, mtu wa Bukoba, mshonaji wa sare za shule. Alikuwa na nyumba ya vyumba vitatu bondeni Jangwani na cherehani mbili. Maji yaliondoka na cherehani zote mbili, na ukuta wa nyuma, na mpangaji wake, mzee mmoja mstaafu wa reli, ambaye alitolewa nje salama kisha akarudi kuichukua redio yake. Redio hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwatangazia kila siku kwamba wakazi wa mabondeni wahame. Walimkuta siku ya tatu kwenye mikoko.

"Weka mkasi, mama," Theopista alisema. "Kanga isiyo na jina ni shuka la hospitali. Umetuona wagonjwa?"

"Lakini maneno yenyewe..."

"Maneno yenyewe ndiyo yanayotuchekesha humu ndani. Asubuhi tukiamka tunasomeana. Kitu kingine cha kuchekesha hatuna." Alisogea kwenye mkeka. "Kaa. Tulikuwa tunakutafuta. Tulitaka tukuulize, mlango wenyewe ulikuwa wa nani uliokuwa unautoa hivyo?"

Darasa zima liliangua kicheko, na Bi Waridi, ambaye alijiandaa kwa matusi na si kwa hilo, alikaa pale chini akajifunika uso na upande wa mtandio. Sikumwona vizuri. Nadhani alikuwa anafanya yote mawili, kucheka na kulia.

Tulikaa hadi alasiri. Tulichambua maharage. Wale wanawake walianza kumpa majina ya kanga, kila mmoja la kwake, mengine siwezi kuyaandika hapa kwa sababu yalihusu viongozi na mama zao. Theopista aliokota kijiwe kwenye maharage, akasema kama mtu anayetaja bei ya nyanya:

"Mgeni kalala ndani, wenye nyumba twalala nje."

Bi Waridi aliacha kuchambua. Niliona vidole vyake vikihesabu mizani juu ya goti. Nane. Nane.

"Umesoma wapi ushairi?" alimuuliza.

"Sijasoma. Nimelala nje."

Siku ya pili Bi Waridi alimpelekea Champaben mstari ule, na kwa mara ya kwanza yule bibi hakuuliza swali. Alimwambia Arvind autume, na amtafute huyo aliyeutunga. Kisha alimwagiza Bakili ghorofani, akashusha cherehani ya mkono, nyeusi, yenye maua ya dhahabu yaliyofifia, aliyoletewa siku ya harusi yake. Ilifungwa kwenye mkokoteni ikapelekwa shuleni. Theopista aliitumia palepale darasani, na shule ilipofunguliwa akahamia nayo kwenye baraza ya Arvind, akawa anakunja pindo za kanga kwa wanunuzi. Mpaka leo sijui kama Arvind aliulizwa.

Kanga ya pili nayo ilichelewa melini, ikafika mwezi wa saba, mwaka tisini na nane. Mvua zilikuwa zimekwisha, matope yamekauka yakawa vumbi, na vumbi lilikuwa linatuingia machoni. Bi Waridi alikata tamaa mapema. Nani atakumbuka mafuriko kwenye vumbi?

Hakuna aliyeyakumbuka. Kanga iliisha kwa siku tisa. Wake walionunua walikuwa na lao na bi mdogo aliyeingia kwa hodi ya "nimepita tu." Mama wakwe walionunua walikuwa na neno na wakamwana. Wauza duka wa Mtaa wa Msimbazi waliwanunulia wake zao kwa dazeni, kwa sababu zilikuwa zama za ubinafsishaji, mashirika yalikuwa yanauzwa kila wiki kwa wageni waitwao wawekezaji, na wao waliisoma wanavyotaka. Mwanamke mmoja aliivaa kwenye mkutano wa hadhara Mnazi Mmoja akapigiwa vigelegele kabla hajasema lolote.

Yule afisa alirudi.

"Huyu mgeni ni nani?" aliuliza.

"Ni maji," alisema Bi Waridi.

"Maji."

"Maji ya mafuriko, baba. Muulize huyu, ndiye mwenye mstari."

Theopista alisimamisha cherehani. "Yaliingia chumbani kwangu," alisema. "Mimi nikatoka."

Afisa aliwatazama wote wawili kwa huruma, kama mtu anayedanganywa na watoto. Alipoletewa kanga inayoita mvua alisema ni siasa, na alipoletewa inayoyasema mafuriko yenyewe alisema haiwezi kuwa mafuriko. Alichukua doti mbili za ushahidi akaenda zake.

Ndipo baada ya miaka miwili, mvua zilipokosekana tena na umeme ukaanza tena kuja kwa zamu, alikuja dukani dada mmoja kutoka Posta, msafi, mwenye begi la kompyuta. Aliitwa Sophia. Alimsalimu Champaben shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaeleza kwamba mradi wao unahusu ongezeko la joto duniani, na kwamba wanataka kanga mia tano za semina. Maneno alikuja nayo tayari, yamepitishwa na kamati:

"Ongezeko la joto duniani ni changamoto mtambuka inayohitaji ushirikishwaji wa wadau wote kwa maendeleo endelevu."

Bi Waridi aliyasikiliza hadi mwisho. "Mwanangu," alisema, "haya yatahitaji kanga mbili na leso. Hebu nieleze maana yake, nikufupishie."

Sophia alieleza, na alieleza vizuri. Hakuwa mtu wa kujivuna. Alisema moshi wa viwanda na magari unaifunika dunia kama blanketi. Ukame na Elinino vilikuwepo tangu zamani, alisema, lakini dunia ikishapashwa, kiangazi kinakuwa kikali zaidi na mvua inakuja na hasira zaidi. Theopista alikuwa ameacha kushona.

"Viwanda vya nani?" Bi Waridi aliuliza. "Cha kwetu kilifungwa."

"Si vya kwetu, mama. Vya nchi tajiri, zaidi."

"Na hii kanga wataivaa wao?"

"Hapana. Wanawake wa hapa Dar, kwa ajili ya uelewa."

"Wa hapa wanaelewa," alisema Bi Waridi. "Huyu hapa aliielewa hadi shingoni. Chukua zote mia tano, mwanangu, wapelekee hao wenye moshi. Nitakutungia ya bure."

Sophia alicheka, kisha hakucheka, akasema kwa sauti ndogo kwamba kamati imeshapitisha. Kanga zikachapwa na maneno yote ya kamati, herufi ndogo kama za kwenye chupa ya dawa.

Bi Waridi na Theopista walialikwa kwenye semina hiyo kama wadau, na mimi nilipata nafasi ya mtu aliyeugua. Ilikuwa hotelini, Posta, mwezi wa pili, joto la nje linayeyusha lami. Ndani kiyoyozi kilikuwa kimefunguliwa hadi mwisho. Kufikia saa tano asubuhi watu mia mbili walikuwa wakitetemeka, na kwa kuwa kila mmoja alikuwa na kanga ya bure mezani, walizikunjua wakajifunika. Maprofesa, wakurugenzi, wazungu wawili, wote wamejitanda kama wagonjwa wa malaria, na mabegani mwao imeandikwa kwamba dunia inazidi kuwa na joto. Ndiyo siku pekee niliyoona kanga ya kamati ikifanya kazi.

Muongozaji alimpa Bi Waridi kipaza sauti, akamwomba aeleze alianza lini kuyaona mabadiliko.

Alisimama. Nilidhani atatoa mzaha, maana ukumbi ulikuwa unautaka, lakini hakutoa.

"Kiwandani tulikuwa na kalenda," alisema. "Hii kanga ya vuli, hii ya masika, hii ya upepo wa kusi. Nilikuwa najua siku gani nguo itoke ili imkute mtu katika hali ile niliyomwandikia. Nilifanya hivyo miaka kumi na tisa, sikukosea hata mara mbili. Siku hizi natuma maneno na sijui yatamkuta mtu anachekelea au anaogelea. Mwenzangu hapa alipoteza nyumba na mpangaji. Mimi nimepoteza kalenda tu. Lakini naomba kuuliza: nyinyi mliosoma, mnayo nyingine?"

Muongozaji alimshukuru kwa mchango mzuri, akasema swali litaingizwa kwenye maazimio. Kisha tukaitwa chakula.

Wiki iliyofuata Arvind alihitaji majina kumi na mawili ya mwaka mpya wa biashara. Bi Waridi alimpelekea kumi na mawili: matano ya waume, matatu ya majirani, mawili ya mama, moja la kumpongeza mwari na moja la kumsuta mtu ambaye sote tulimjua. Champaben, aliyekuwa haoni vizuri tena, alisomewa yote akayapitisha.

"Hakuna la mvua?" Arvind aliuliza.

"La mvua usinitume."

Arvind alisukuma miwani yake juu, akaingiza karatasi kwenye faksi. Ilikataa. Umeme ulikuwa umekatika. Kwa hiyo wote wanne, Arvind, mama yake, Bi Waridi na Theopista, wakaweka viti barazani kusubiri zamu ya Kariakoo irudi, na Theopista, ambaye cherehani yake haikuhitaji umeme, akaendelea kushona.